Kuchuja vipindi vya televisheni ya Ujerumani kwa MediathekView kabla ya safari

Muuguzi_Erfurt aliuliza:

Wapendwa, natumaini hamjambo. Ninasomea uuguzi hapa Erfurt, na mwezi Desemba nitakwenda likizo nyumbani, Rungwe, ambako mtandao hupatikana kwa kubahatisha na bando la kutazamia video ni gharama nisiyopenda kumtwisha mtu yeyote. Kwa kuwa mtihani wangu wa Kijerumani wa kiwango cha B2 utakuwa unanisubiri nitakaporudi, nimekusudia kubeba vipindi vya televisheni katika kompyuta mpakato ili niendelee kuisikiliza lugha kila siku bila kutegemea intaneti. Mwenzangu wa darasani alinielekeza kwenye MediathekView, programu ya bure inayokusanya katika orodha moja vipindi vilivyowekwa mtandaoni na ARD, ZDF, Arte, 3sat, KiKA na vituo vingine vya umma, nayo inafanya kazi vizuri.

Linalonishinda ni kuchuja. Nikiandika neno “tagesschau” katika usajili, ambao programu yenyewe inauita “Abo”, ninaletewa taarifa ya habari ya saa 2 usiku ninayoitaka, lakini pamoja nayo huja mihtasari ya dakika mbili, matoleo ya mchana, toleo lenye mkalimani wa lugha ya alama, na hata taarifa za habari za miaka 20 iliyopita. Filamu za upelelezi nazo huja mara mbili au tatu: moja ya kawaida, moja yenye sauti ya msimulizi kwa ajili ya wasioona, na nyingine ambayo maongezi yake yamesafishwa ili yasikike vizuri zaidi. Diski inajaa vitu ambavyo sitavitazama. Ninaomba anayeielewa programu hii anieleze namna ya kuunda usajili unaoleta ninachokitaka peke yake, na namna ya kupata manukuu ya Kijerumani pamoja na video, maana bila maandishi bado kuna wasemaji wanaoniacha njiani, hasa wale wa Bavaria.

Fundi_Kassel alijibu:

Dada, karibu. Kabla sijaingia katika vichujio ni vizuri kufahamu programu hii inafanya nini hasa, kwa sababu ukilielewa hilo maswali mengi hujijibu yenyewe. MediathekView haihifadhi video hata moja. Seva za mradi hupita katika tovuti za vituo na kuandika kila kipindi kwa mstari mmoja: kituo, mada, jina, tarehe, urefu, maelezo mafupi na anwani ya faili. Orodha hiyo yenye mistari laki kadhaa ndiyo inayopakuliwa unapofungua programu, na unapochuja, unachuja mistari hiyo wala si video zenyewe. Maana yake ni kwamba kichujio hakiwezi kujua jambo ambalo kituo hakikuliandika. Kama kituo kimeandika “mit Gebärdensprache” katika jina la kipindi, unaweza kulikata toleo lile la lugha ya alama; kama hakikuandika, hakuna hila itakayokusaidia isipokuwa macho yako mwenyewe.

Jambo jingine ni kwamba neno unaloliandika katika nafasi ya “Thema” (mada) au ya “Titel” (jina) hutafutwa popote ndani ya maandishi ya safu hiyo. Ndiyo sababu “tagesschau” linakamata pia “tagesschau24”, “Tagesschau vor 20 Jahren” na kila kitu kingine chenye herufi hizo. Kwa hiyo ninakushauri usianze na usajili kabisa. Anza katika kichupo cha “Filme”, chagua kituo cha ARD, andika mada, kisha sogeza kitelezo cha urefu na utazame orodha inavyopungua mbele yako. Urefu ndio kichujio chenye nguvu kuliko vyote, na ninashangaa jinsi watu wanavyoupuuza. Taarifa ya saa 2 usiku ina dakika 15 hivi. Ukiweka muda wa chini wa dakika 12, mihtasari ya sekunde 100 na matoleo mafupi ya mchana yataondoka kwa mpigo mmoja bila wewe kuandika neno lolote. Kwa filamu za upelelezi za Jumapili usiku, kama “Tatort”, ambazo huchukua dakika 90 hivi, weka dakika 80, na hutaona tena vionjo, mahojiano na waigizaji wala vipande vya utengenezaji wa filamu.

Hata hivyo urefu hauwezi kutenganisha vitu vyenye urefu sawa. Toleo la lugha ya alama lina dakika zile zile 15, na taarifa ya miaka 20 iliyopita ni vivyo hivyo. Hapo unalazimika kukata kwa maneno. Ndani ya usajili hakuna kisanduku kilichoandikwa “usilete hiki”, lakini nafasi za maandishi hupokea usemi wa ruwaza, yaani kanuni fupi inayoeleza umbo la maandishi yanayokubalika, mradi uuanzishe kwa alama ya reli na nukta mbili. Katika nafasi ya “Titel” unaweza kuandika hivi:

#:^(?!.*(Gebärdensprache|Audiodeskription|Hörfassung|klare Sprache|vor 20 Jahren)).*$

Sehemu iliyo ndani ya mabano yenye alama ya kuuliza na ya mshangao inasema kwamba jina lisiwe na neno lolote kati ya hayo, yaliyotenganishwa kwa mistari ya wima: la kwanza ni lugha ya alama, mawili yanayofuata ni matoleo ya wasioona, kisha maongezi yaliyosafishwa, na mwisho taarifa za miaka 20 iliyopita. Sehemu ya mwisho inasema kwamba kilichobaki kinakubalika chochote kiwacho. Usemi hulinganishwa na jina zima tangu herufi ya kwanza hadi ya mwisho, na kwa sababu hiyo zile nukta na nyota haziwezi kuachwa. Herufi kubwa na ndogo hazina tofauti. Kabla ya kuutumia, angalia katika orodha neno unalotaka kulikata limo katika safu gani, kwa kuwa baadhi ya vituo huliweka katika mada badala ya jina, na usemi uliouandika katika safu isiyohusika hautakata kitu. Ukitaka tu kutaja maneno mbadala, bila kukata, huhitaji haya yote: weka mkato kati ya maneno, nayo programu itausoma kama “au”.

Orodha ikishatulia na kuonyesha unachokitaka peke yake, ndipo uunde usajili kwa masharti yale yale. Tena usiiruhusu programu ianze kupakua mara moja. Iache itafute, ipange matokeo katika kichupo cha “Downloads”, uyapitie, ufute yasiyofaa, kisha ubonyeze mwenyewe kitufe cha kuanza. Kipindi kilichokwisha kupakuliwa kupitia usajili huandikwa katika historia ili kisiletwe tena. Fahamu tu kwamba historia hiyo hutambua anwani ya faili, si jina la kipindi. Kituo kikikiweka kipindi kile kile upya kwa anwani nyingine, kitakuja kama kigeni.

MamaNeema_Bremen alijibu:

Ninakubaliana na Kaka Fundi kuhusu urefu na kuhusu kutoiacha programu ipakue ovyo. Kuhusu ule usemi wa ruwaza, sikubaliani naye sana, na ningependa dada yetu asikie upande wa pili kabla hajaanza kuhangaika na mabano.

Orodha ya mambo ya kukataa haina mwisho. Leo utakataa lugha ya alama, kesho kituo kitaanza kuweka toleo jingine ambalo hukulifikiria, nawe utarudi kuongeza neno. Kwa kipindi chenye utambulisho ulio wazi ni bora kutaja unachokitaka kuliko kutaja usichokitaka. Taarifa ya habari ya usiku huandikwa “20:00 Uhr” katika jina lake. Weka maneno hayo katika “Titel”, weka “tagesschau” katika “Thema” na ARD katika “Sender” (kituo), kisha ongeza muda wa chini alioutaja Kaka. Kitakachosalia cha kukata, pengine toleo la lugha ya alama peke yake, kikate kwa “Blacklist”, yaani orodha ya vinavyokataliwa.

Hiyo “Blacklist” ndiyo ninayoona haikutajwa, na ndiyo iliyonipunguzia kazi kubwa. Ipo katika mipangilio ya programu, na ni orodha ya masharti yanayotumika kwa vipindi vyote badala ya usajili mmoja mmoja. Ukiandika humo mara moja kwamba hutaki “Audiodeskription”, “Hörfassung” na “Gebärdensprache”, hutalazimika kurudia maneno hayo katika kila usajili utakaouunda. Kuna pia kisanduku kinachoamua kama usajili nao uiheshimu “Blacklist”, na usipokiwekea alama utayaona matoleo hayo yakiingia kama kwamba hukuandika kitu. Zaidi ya hayo, orodha hiyo inaweza kugeuzwa ili iwe orodha ya vinavyoruhusiwa peke yake, jambo linalomfaa mtu anayefuata mada tano au sita tu na hataki kuona mengine. Kwa kompyuta ya zamani, upo pia uwezekano wa kuiambia programu isome vipindi vya siku za karibuni pekee. Inakuwa nyepesi, ila vya zamani hutaviona mpaka uondoe kikomo hicho.

Sasa manukuu. Vituo vya umma huandika manukuu kwa ajili ya wasiosikia, na sisi wanafunzi wa lugha tunafaidika na kazi hiyo. Katika kichupo cha “Filme” kuna kichujio kinachobakiza vipindi vyenye manukuu tu. Kitumie kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu kipindi kizuri kisicho na maandishi hakitakufaa huko milimani. Kisha, katika mipangilio ya “Set” inayosimamia upakuaji, na vilevile katika dirisha linalofunguka unapopakua kipindi kimoja, kuna kisanduku cha “Untertitel” (manukuu). Ukikiwekea alama, programu itashusha faili la manukuu kando ya video na kuligeuza kuwa la aina ya srt, ambayo karibu vicheza video vyote huisoma. Likiwa na jina lile lile la video na likikaa katika folda moja nayo, kicheza video cha VLC kitalionyesha bila kuulizwa. Maandishi yakitangulia sauti au yakichelewa, herufi g na h katika VLC huyarudisha nyuma au kuyasogeza mbele kidogo kidogo. Kwa wale wa Bavaria, herufi ya mabano ya mraba yanayofungua hupunguza kasi ya video, na yale yanayofunga huiongeza. Kasi ya 0.8 humfanya hata mkulima wa Allgäu aeleweke.

Kuhusu cha kubeba, nisamehe kwa kuingilia ambalo hukuliuliza, lakini taarifa ya saa 2 usiku si mwalimu mzuri kwa aliye kati ya B1 na B2. Sentensi zake ni ndefu, zimejaa majina ya kamati na mawaziri. Tangu Juni 2024 ARD ina “tagesschau in Einfacher Sprache”, inayosomwa siku za kazi kwa Kijerumani chepesi na kwa mwendo wa taratibu. ZDF na KiKA wana “logo!”, taarifa ya habari ya watoto ya dakika kama 10, ambayo haimdharau mtazamaji na hueleza kila neno gumu kabla ya kulitumia. Na “Die Sendung mit der Maus”, inayorushwa tangu 1971, hueleza jinsi vitu vinavyotengenezwa kwa lugha ya mtu anayezungumza na mtoto mwenye akili. Msamiati wa vifaa na vitendo utakaoupata humo ndio utakaoukuta wodini. Kila kimoja kati ya hivyo kina mada yake katika orodha, kwa hiyo usajili wake ni rahisi mno.

Fundi_Kassel alijibu:

Mama Neema, kwa matoleo maalumu ninakubali kwamba “Blacklist” ni mahali pazuri zaidi kuliko kurudia usemi mrefu katika kila usajili. Hata hivyo kutaja unachokitaka kunafaa pale tu ambapo kituo kina nidhamu ya majina. Filamu za upelelezi kila moja ina jina lake, na makala za Arte vilevile. Huwezi kutaja jina ambalo bado hulijui. Kwa hizo, mada pamoja na urefu na ukataji wa maneno ndiyo njia iliyobaki. Tena kwa Arte uwe mwangalifu na safu ya kituo, kwa sababu orodha inatenganisha ARTE.DE na ARTE.FR, na ukiandika “arte” peke yake utaletewa makala ile ile kwa Kijerumani na kwa Kifaransa.

Ninaongeza jambo dogo la majina ya faili. Katika mpangilio wa “Set” unaweza kuamua faili liitweje kwa alama za asilimia: %D ni tarehe ya kurushwa kipindi, %t ni mada na %T ni jina. Ukiweka %D-%t-%T, vipindi vitajipanga vyenyewe kwa tarehe ndani ya folda, na kila usajili unaweza kupewa folda yake. Kwa taarifa za habari hilo lina faida kubwa.

Muuguzi_Erfurt aliandika:

Ninawashukuru sana nyote wawili. Nimefuata njia ya Mama Neema kwa habari na ya Kaka Fundi kwa filamu, na orodha sasa inasomeka. Naona kwamba ARD peke yake ina vipindi vingi ambavyo katika maelezo vimewekewa alama ya “DE-AT-CH” katika safu ya mipaka ya nchi. Je, nikishafika Rungwe video hizo zitakataa kucheza? Na je, sheria ya hapa inasemaje juu ya mtu kubeba vipindi hivi? Sitaki kuingia matatani kwa ajili ya filamu ya upelelezi.

Wakili_wa_Mtaani alijibu:

Alama hiyo inahusu wakati wa kupakua, si wakati wa kutazama. Seva ya kituo hutazama ombi limetoka nchi gani, na likitoka nje ya Ujerumani, Austria na Uswisi hukataa kutoa faili. Faili likishakuwa katika diski yako hakuna anayeulizwa tena, nalo litacheza Rungwe kama linavyocheza Erfurt. Sababu ya zuio hilo ni mikataba: kituo kilinunua haki ya kuonyesha mchezo au filamu hiyo ndani ya mipaka fulani. Kwa hiyo pakua vyote vyenye alama hiyo kabla ya kupanda ndege, na viache vile visivyo na mpaka viwe akiba ya kupakua ukiwa nyumbani siku mtandao utakapokuwa mzuri. DW, ambayo kazi yake ndiyo kutangaza nje ya Ujerumani, imo pia katika orodha. Katika mipangilio unaweza kuitajia programu mahali ulipo na kuiagiza ifiche vipindi visivyoweza kupatikana huko. Ukikumbuka kuibadilisha ukifika, hutapoteza bando kwa majaribio yasiyo na matunda.

Kuhusu sheria, kifungu cha 53 cha sheria ya hakimiliki ya Ujerumani kinamruhusu mtu binafsi kujitengenezea nakala chache kwa matumizi yake mwenyewe, mradi chanzo chake si kitu kilichotengenezwa au kuwekwa hadharani kwa njia iliyo haramu waziwazi. Vituo vya umma vimeviweka vipindi vyao vyenyewe, kwa hiyo chanzo ni halali. Ruhusa hiyo ina mpaka wake: nakala ya namna hiyo hairuhusiwi kusambazwa wala kuonyeshwa hadharani. Ukitazama na bibi sebuleni, hapana neno. Ukiipandisha YouTube au ukiirusha katika kundi la WhatsApp la kijiji kizima, umetoka nje ya kifungu. Kifungu cha 95a nacho kinakataza kuvunja kinga ya kiufundi ya kazi iliyofungwa, na hapo ndipo huduma za kulipia zinapotofautiana na vituo vya umma. MediathekView haigusi vipindi vilivyofungwa kwa namna hiyo.

Kwa nini watu hapa walipenda sana kupakua tangu mwanzo? Mkataba wa majimbo ulioanza kutumika Juni 2009 uliwalazimisha ARD na ZDF kuondoa mtandaoni vipindi vingi baada ya siku 7, kwa sababu wachapishaji wa magazeti na vituo binafsi hawakutaka ushindani wa huduma inayogharimiwa na ada ya umma. Mtu aliyekuwa akilipa ada hiyo aliona makala ikifutwa wiki moja baada ya kurushwa. Kikomo cha jumla cha siku 7 kiliondolewa Mei 2019, na leo vipindi hukaa kwa muda mrefu zaidi, lakini filamu zilizonunuliwa nje bado huondolewa mapema. Ukiiona filamu unayoitaka leo, usiiahirishe.

Msomaji_Reading alijibu:

Kwa walio Uingereza wanaosoma mjadala huu: MediathekView haina BBC. Huku tunatumia get_iplayer, ambayo huendeshwa kwa kuandika amri, haina madirisha wala vitelezo. Mantiki yake ni ile ile: kuna faharasa ya vipindi, kuna utafutaji uliohifadhiwa unaorudiwa kila unapoagiza, kuna amri ya “exclude” ya kukata maneno usiyoyataka, na kuna historia inayozuia kipindi kupakuliwa mara mbili. Faharasa hiyo hubeba vya siku 30 za karibuni tu. Kwa upande wa masharti, tangu Septemba 2016 anayetazama au kupakua vipindi vya BBC iPlayer anatakiwa awe na leseni ya televisheni, hata kama hana runinga nyumbani.

Baharia_Hamburg alijibu:

Mimi hukaa melini kwa wiki nyingi na sibebi kompyuta, kwa hiyo ninaongeza la simu. Kwa Android kuna programu ya bure iitwayo Zapp, inayotumia orodha hiyo hiyo na kuruhusu kupakua moja kwa moja kwenye simu. Na kwa asiyetaka kusakinisha chochote kuna MediathekViewWeb, inayofunguka katika kivinjari. Kisanduku chake cha kutafutia kina alama zake: mshangao hutangulia kituo, reli hutangulia mada, jumlisha hutangulia jina, na mshale wa “kubwa kuliko” hutangulia urefu kwa dakika. Nikiandika !ard #tatort >80 ninapata filamu nzima za upelelezi za ARD bila vipande vyake. Kila utafutaji una kiungo chake cha RSS, yaani anwani inayotangaza vipindi vipya, na kiungo hicho ukikiweka katika programu ya podikasti kama AntennaPod, vipindi vipya hujileta vyenyewe kila simu inapokuta mtandao wa bandarini. Hakuna “Blacklist” huko, kwa hiyo matoleo ya wasioona yatapita, nami huyafuta kwa mkono.

Muuguzi_Erfurt aliandika:

Wakili na Baharia, asanteni. Swali langu la mwisho ni la nafasi. Nina flashi ya GB 64 na ninataka niichomeke katika runinga ya nyumbani ili bibi naye atazame. Nichague ubora upi, na je, runinga itasoma faili hizi pamoja na manukuu?

Fundi_Kassel alijibu:

Piga hesabu kwa kasi ya data. Video ya HD yenye kasi ya megabiti 3 kwa sekunde huchukua takriban GB 1.35 kwa saa, kwa hiyo filamu ya dakika 90 hukaribia GB 2 na taarifa ya dakika 15 hukaribia MB 340. Video nyingine zina kasi kubwa kuliko hiyo, ndiyo maana ni vizuri kutazama ukubwa wa faili unaoonyeshwa katika orodha kabla ya kuamua. Kwa hesabu hiyo flashi yako itabeba filamu 30 hivi, au taarifa za habari zaidi ya 180. Kwa vipindi ambavyo kazi yake ni kusikiliza lugha, chagua ubora wa kati katika “Set”. Sauti itabaki safi na nafasi itaongezeka sana. HD iwekee makala za wanyama na safari, ambazo ninadhani ndizo bibi atakazozipenda. Ubora huo unaweza kuuweka tofauti kwa kila usajili kwa kuunda “Set” mbili na kuupa kila usajili ya kwake.

Faili nyingi za vituo hivi ni mp4 za kawaida, na runinga iliyo na tundu la USB kwa kawaida huzicheza. Baadhi ya vituo hutoa mtiririko uliokatwa vipande badala ya faili moja, na hapo MediathekView huiachia ffmpeg, programu saidizi ya video, kazi ya kuviunganisha. Hakikisha mahali ffmpeg ilipo katika kompyuta pamejazwa katika mipangilio, la sivyo upakuaji wa vituo hivyo utashindikana tangu mwanzo. Kuhusu flashi yenyewe, runinga nyingi za zamani husoma flashi iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 peke yake, na mfumo huo haupokei faili linalofikia GB 4. Filamu ya HD itapita, ila ya ubora wa juu zaidi inaweza kukataliwa wakati wa kunakili. Runinga ikisoma mfumo wa exFAT, usio na kikomo hicho, tumia huo. Manukuu ya srt yaweke kando ya video kwa jina lile lile, kisha yatafute katika menyu ya runinga, kwa sababu baadhi ya runinga hazisomi herufi zenye nukta mbili juu kama ä na ö mpaka faili lihifadhiwe kwa usimbaji wa UTF-8.

MamaNeema_Bremen alijibu:

Jaribu runinga yoyote ya zamani hapo Erfurt kabla ya kufunga sanduku, hata ile ya ukumbi wa bweni. Na kama mnashirikiana mtandao bwenini, punguza idadi ya vipindi vinavyopakuliwa kwa pamoja na uweke kikomo cha kasi katika kichupo cha “Downloads”, ili majirani wasije kukugongea mlango usiku.